Disiki ya Windows kwenye Mac

Kaka, umeuliza kama disiki yako ya Windows na programu yako ya uhasibu zitafanya kazi kwenye Mac unayotaka kununua. Disiki itafunguka, ila kwa kusoma tu: disiki ya nje iliyofomatiwa NTFS (mpangilio wa faili wa Windows), Mac haiandiki humo. Mimi napiga video za harusi hapa Goma. Siku ya kwanza na MacBook niliona picha zote, kuongeza faili moja tu ikagoma. Ifomati upya kwa exFAT, mpangilio ambao Windows na Mac zote mbili zinauelewa, lakini kwanza hamishia kila kitu kwingine maana kufomati kunafuta vyote. Cha kuulizia kabla hujatoa dola zako ni ile programu ya uhasibu: kama ni ya Windows peke yake, ujue Mac zenye chipu za Apple, tangu M1 ya 2020, hazina Boot Camp, ile zana ya Apple ya kuweka Windows ndani ya Mac.