Umeambiwa uskani stoo nzima? Subiri kwanza

Ukikabidhiwa stoo ya mafaili na kuambiwa "ingiza yote kwenye kompyuta", usikimbilie skana. Weka daftari mlangoni mwezi mmoja au miwili, kila anayechukua faili aandike kachukua lipi na la nini. Utakuta wanaotafuta wanarudia vitu vilevile: mikataba inayoendelea, mafaili ya wafanyakazi, ankara za karibuni. Hayo ndiyo ya kuskani.

Mengine yatazame kwa muda wa kutunza uliowekwa na sheria za kodi na za kazi. Faili lililomaliza muda wake, na halina kesi wala ukaguzi, liharibiwe kwa idhini ya maandishi. Kuliskani ni kulipia takataka. Ambalo bado lina muda ila halitafutwi, libaki kwenye boksi lenye lebo inayosema kuna nini ndani, ni cha miaka ipi na kiharibiwe lini. Boksi kavu lenye lebo nzuri watu hulidharau bure.

Gharama wengi huikosea kwa sababu huhesabu kasi ya skana. Skana humeza kurasa kwa dakika chache, lakini haing'oi pini za stepla, hainyooshi kona zilizokunjwa, wala haijui kuwa nyuma ya ankara kuna maelezo ya kalamu. Chagua boksi moja, lile baya kabisa, ulimalize lote huku saa ikihesabu, majina ya mafaili yakiwemo. Zidisha kwa idadi ya maboksi, ndipo uende kwa bosi. Na majina ndiyo kazi yenyewe: "2021-03-15_ankara_0482" hupatikana, "scan0047" imepotea palepale. Usitegemee programu ya kusoma maandishi ikuokoe, mwandiko wa mkono na namba zilizopigwa mhuri juu huishinda.

Risiti zile laini za mashine ziskani mapema hata kama hakuna anayeziulizia, maana maandishi yake hufifia hadi karatasi ibaki nyeupe. Ukiweka skana kwenye nukta 300 kwa inchi (dpi) zinatosha kwa karatasi za kawaida, na kwa kumbukumbu za muda mrefu hifadhi kwa PDF/A, aina ya PDF iliyoundwa kwa utunzaji wa muda mrefu.

Hati za umiliki na mikataba yenye sahihi na mihuri hazichanwi hata zikiskaniwa. Zilizobaki, kabla ya kuchana, mpe mtu mwingine afungue mafaili kadhaa yaliyoskaniwa bila kuchagua, alinganishe na karatasi, mbele na nyuma, na nakala ya pili iwe tayari imekaa nje ya jengo.