Kuanza Malazan: usirudi mwanzo kila ukipotea

Mkuu, umesema umefika ukurasa wa 100 hivi wa Gardens of the Moon, juzuu ya kwanza ya Malazan, riwaya za fantasia za Steven Erikson, umesharudi mwanzo mara mbili, na unauliza kama uendelee au uachane na hizi juzuu kumi. Mimi niliachana nazo palepale ulipo. Miaka miwili baadaye nikazirudia, nikazimaliza zote.

Kilichonishinda mara ya kwanza ni daftari. Nilikuwa naandika kila jina, kila mungu, kila jeshi, na kila neno geni nakimbilia faharasa ya nyuma. Jioni nzima kurasa ishirini, na hadithi yenyewe siionji. Erikson hakupokei mlangoni. Unafika barazani wazee wameshazungumza tangu asubuhi. Anatajwa fulani, wote wanaguna, wewe humjui. Ukitulia ukasikiliza, hadi jioni umeshajua nani ndugu wa nani na nani ana kisasi na nani. Dunia hii yeye na mwenzake Ian C. Esslemont walianza kuijenga miaka ya 1980, wakiicheza kama mchezo wa kuigiza wahusika, na kitabu cha kwanza kikatoka 1999. Tena Erikson amesomea akiolojia, na inaonekana: unaokota vigae, chungu kizima hupewi.

Mara ya pili niliwashika watu wachache tu. Paran, yule uliyemkuta ukutani akiwa mtoto wa miaka 12. Tattersail, mchawi wa kule mji wa Pale. Kikosi cha askari wa Bridgeburners. Wengine niliwaacha wapite, na wenye umuhimu walirudi wenyewe. Uchawi nao usiudai maelezo, utauelewa kwa kuona unavyotumika na unavyowagharimu wanaoutumia. Uko karibu kuingia Darujhistan, mji wa taa za gesi, na hapo mambo yanaanza kushikana.

Usitafute majina mtandaoni, nakusihi. Nilitafuta moja tu, nikakuta kifo chake kwenye mstari wa kwanza. Uhondo wa juzuu mbili ukaishia hapo. Orodha ya wahusika na ramani zilizo mwanzoni mwa kitabu zinatosha.

Jingine ujiandae nalo mapema: juzuu ya pili, Deadhouse Gates, inakuhamisha bara, na wengi uliowazoea huwaoni. Nilikasirika kweli. Halafu akaja Coltaine, kamanda anayevusha maelfu ya wakimbizi katika nchi iliyoasi, huku anashambuliwa njia nzima. Kurasa za mwisho nilizisoma hadi nikasikia adhana ya alfajiri, na siku mbili zilizofuata sikuweza kushika kitabu kingine. Juzuu ya tano inakuhamisha tena, ila kufikia hapo utakuwa umeshamwamini mwandishi.

Kwa hiyo kipimo changu ni juzuu ya pili, si ya kwanza. Ukiimaliza hiyo na Coltaine hajakugusa, achana nazo bila kinyongo, hazikuandikiwa wewe. Ila leo usirudi mwanzo. Fungua pale ulipoishia, na ukishaingia Darujhistan uniambie umemshika nani.