Nahamia Dar, kipi kitanitesa?

SWALI: Nimepata kazi Kariakoo, nahama kutoka Mbeya. Naonywa juu ya joto, foleni na mafuriko. Nijihadhari na kipi zaidi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Kodi kwanza, ndugu yetu. Wenye nyumba wengi hudai miezi 6 kwa mkupuo, na dalali naye hutaka ya mwezi mmoja. Chumba cha shilingi 80,000 kinakutoa 560,000 kabla hujanunua hata ndoo. Ukikosea mtaa, fedha hiyo hairudi. Ndiyo maana tunakusihi ufikie kwa jamaa wiki mbili kwanza.

Wiki hizo zitumie kupima. Panda gari saa 12 asubuhi siku ya Jumatatu kutoka mtaa unaoutaka hadi Kariakoo, na urudi saa 11 jioni. Mbagala na Gongo la Mboto vyumba ni nafuu, lakini ni mbali. Kimara kuna mabasi ya mwendokasi, ingawa jioni vituo hufurika.

Mabonde, hasa Msimbazi, yaepuke hata kama chumba ni kizuri. Masika ni Machi hadi Mei. Ukikagua nyumba Agosti utaona pakavu. Tazama mstari wa maji ukutani, kisha muulize jirani, si dalali. Ulizia pia kama mita ya LUKU ni yako peke yako, maana mita ya kuchangia huzaa ugomvi kila umeme unapoisha.

Joto hukaza Desemba hadi Machi. Chagua chumba chenye madirisha pande mbili, na usiache kununua chandarua chenye dawa.