Kocha ajaye? Kwanza niambie nani anapanga kikosi

Simu yangu wiki hii haipumui. Pamba, timu yetu ya mpira hapa Mwanza, ikikosa pointi mechi mbili tu basi kuanzia Mwaloni mpaka Buhongwa kila mtu ana jina la kocha mpya mfukoni, muuza dagaa analo, bodaboda analo, na yule kinyozi wangu wa Pasiansi ana majina matatu. Nimechukua maswali machache, yanayofanana nimeyaunganisha, matusi nimefuta.

Kaka, kocha ajaye wa TP Lindanda (Pamba yetu) awe mzungu au mzawa? (Buzuruga)

Hili swali nimelijibu mpaka basi, na bado mnalileta kila msimu kama vile ni jipya. Haya, tukumbushane. Aliyeipandisha Pamba ni Mbwana Makata, mzawa. Timu inarudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya miaka 23 ikaletwa sura ya Goran Kopunović kutoka Serbia, mtu aliyewahi kuifundisha Simba, watu mkapiga picha mkashangilia, ilipofika Oktoba akaondolewa timu haijaonja ushindi wa ligi hata mmoja. Akaja Fred Felix Minziro na timu ikabaki ligi kuu. Sasa usikurupuke kusema "umeona, mzawa oyee", maana kwenye mji huu huu timu ya Mbao ilifikishwa fainali ya Kombe la FA 2017 na Etienne Ndayiragije, Mrundi, baada ya kuwatoa Yanga pale uwanja wa Kirumba 1-0. Fainali Dodoma tukafungwa na Simba 2-1 muda wa nyongeza, kwa penalti ambayo hadi leo ukiitaja kijiweni unaharibu siku ya watu. Miaka miwili baadaye Ndayiragije ni kocha wa Taifa Stars, timu ya taifa. Miaka mitatu baadaye Mbao imeshuka daraja. Pasipoti haifundishi mpira. Minziro anaijua hii ligi, anajua viwanja vyake na anajua mchezaji wa daraja la kwanza anaishije, Geita Gold aliipandisha yeye. Hicho ndo cha kuuliza: anaijua ligi yetu au anakuja kujifunzia kwetu?

Je, akipewa mchezaji wetu wa zamani, wale wa ubingwa wa 1990? (Mabatini)

Mpeni heshima yake, mpeni kiti cha mbele Kirumba. Timu mpeni mwenye leseni.

Naomba kueleweshwa, meneja na kocha ni mtu mmoja? Ulaya wanasema meneja. (Nansio, Ukerewe)

Dada, asante, hili angalau ni swali. Huko Uingereza meneja ni kocha ambaye zamani alikuwa anasajili, anapanga mishahara, anafukuza, kila kitu yeye. Kwetu meneja wa timu ni yule anayehangaika na jezi, basi, hoteli na kadi za wachezaji, kocha ni kocha. Ndo maana Simba walipomleta Dimitar Pantev 2025 wakamtambulisha kama meneja mkuu watu wakachanganyikiwa, kumbe ishu ilikuwa leseni, na Selemani Matola akabaki kwenye karatasi kama kocha. Kwa hiyo mnaponiandikia "tunataka meneja kama wa Ulaya" mjue mnaomba mtu mwenye mamlaka ya meneja wa Ulaya. Hayo mamlaka viongozi wenu watampa? Subiri, nakuja huko.

Tunataka kocha wa pira safi, tumechoka na butua butua. (wengi, Nyegezi, Igoma, Kirumba)

Na mimi nataka. Ila ngoja niwasimulie kitu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa naenda sana kuangalia mazoezi ya timu moja ya daraja la chini hapa mjini, jina naliacha. Kocha wao kijana, mpole, ana daftari la kaunta limejaa michoro ya mishale. Wiki nzima kawafundisha kuanza na mpira nyuma, kipa anampa beki, beki anampa kiungo, mpaka na mimi niliyekaa juu ya jiwe nikaelewa. Siku ya mechi nimesimama karibu na benchi, nikaona kiongozi anashuka kwenye gari, anatoa karatasi kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, anamkabidhi. Majina kumi na moja. Kocha akaifungua, akaisoma, akafunga daftari lake akaliweka chini ya kreti la soda alilokalia. Kiungo aliyefundishwa wiki nzima yuko benchi, aliyeingia ni kijana ambaye Jumanne na Jumatano hakutokea mazoezini. Dakika ya ishirini kipa anabutua tu. Na jukwaani nyuma yangu jamaa anapiga kelele, "Huyu kocha hajui!"

Yule kocha walimfukuza kabla msimu haujaisha. Aliyekuja baada yake naye akakutana na karatasi.

Kwa hiyo mnaposema butua butua mimi nauliza kwanza nani anapanga kikosi, nani anasajili, na mshahara wa mwezi uliopita umeingia? Mchezaji anayedaiwa kodi ya chumba hawezi kutulia na mpira mguuni mtu anamjia mbio. Halafu kuna uwanja wenyewe, nyasi bandia za Nyamagana mpira unakimbia, ukihamia Kirumba mvua imenyesha unakwama kwenye tope, kocha lazima awe na mpango wa viwanja vyote viwili. Akija mtu na pira biriani, yaani mpira mtamu wa kutazama, la kwenye laptop tu, mechi ya pili ya mkoani hivi atakuwa ameshapika ugali mkavu.

Kamati ya ufundi ishirikiane vipi na kocha mpya? Unajua ninachomaanisha. (jina limehifadhiwa)

Najua, mnataka waganga, na hela ya kuku weusi wa waganga nunueni bandeji na maji ya kunywa ya wachezaji.

Mimi ni Man U wa damu, naangaliaga kibanda umiza cha hapa Igoma. Tumpe nani timu ili turudi kama enzi za Ferguson? (Igoma)

Pole sana mdogo wangu. Enzi za Ferguson mnazizungumza kama vile alishuka na makombe kwenye begi. Aliingia Novemba 1986, kombe la kwanza ni FA ya 1990, fanya hesabu. Alipostaafu 2013 wamepita Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Ten Hag, Amorim, na hapo sijahesabu wale wa kushikilia. Kila mmoja anasajili wa kwake, anafukuzwa, anayekuja anawakuta hawataki. Arsenal mlikuwa mnawacheka, Arteta alipewa timu Desemba 2019, msimu wake wa kwanza kamili akamaliza wa nane na hawakumfukuza. Ningekuwa mimi nisingetafuta jina kubwa, ningetafuta bosi wa usajili anayejua anachokitaka halafu kocha afanane na hicho. Ila najua hamtaki kusikia, mnataka jina la kuandika status.

Na huko kibandani punguzeni kubeti na hela ya chakula. Sijaulizwa, nasema tu.

Nabi na Gamondi waliwezaje Yanga na wengine wanafeli? (Sengerema)

Kwa sababu walikuta wachezaji wazuri na uongozi wenye hela, pamoja na kwamba wao wenyewe ni makocha wazuri. Nabi akafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, akalikosa mbele ya USM Alger kwa kanuni ya goli la ugenini. Gamondi akafika robo fainali ya Klabu Bingwa msimu uliofuata, na Novemba 2024 akaonyeshwa mlango. Robo fainali, mlango. Halafu unashangaa kocha anakuja Bongo na begi moja dogo.

Mzee shikamoo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe sisi wa ng'ambo tunakuja Kirumba kila mechi, hatusubiri tena kivuko. Nauli, kiingilio, jezi tunanunua. Je, mashabiki tuna haki ya kuulizwa kuhusu kocha? (Sengerema, mwingine)

Marahaba. Haki mnayo, ila msiulizwe jina, mtaleta majina mia mbili na nusu yake ni marehemu. Nendeni kwa viongozi na maswali matatu. Mkataba wa kocha ni wa muda gani na ukivunjwa klabu inalipa kiasi gani, maana hii timu iko chini ya Jiji na hela hiyo ina wenyewe. Usajili unasainiwa na nani. Na timu ya vijana nani anaiangalia, kwa sababu vijana wa Mwanza wanatokea tu kwenye mashindano ya shule na mitaani halafu unawaona Dar na jezi za watu wengine. Mkijibiwa vizuri hayo matatu, hata wakimleta kocha msiyemjua kaeni mtulie angalau mzunguko mmoja. Mkijibiwa "hayo ni mambo ya ndani", rudini na wenzenu, daraja si lipo.

Broo Pamba inacheza lini? (namba 14 tofauti, wiki moja)

Ratiba ipo bodi ya ligi. Mna bando la kunitumia sauti ya dakika tatu, bando la kufungua ratiba hamna?