Ala ya kisu cha karatasi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Je, kijana anaweza kujifunza ufundi kwa video za kwenye simu, au ni lazima akae kwa fundi?" Nimelisoma ndani ya daladala, nikajikuta nalijibu kwa sauti hadi konda akageuka. Lazima akae kwa fundi! Mimi nilikaa. Ngoja niwaeleze habari ya ala ya kisu cha baba, yaani kifuko cha ngozi cha kukichomeka, na mnisamehe nikizidisha.

Baba alikuwa na bucha Morogoro. Alfajiri alipanda baiskeli kwenda machinjioni, kisu cha kuchunia amekiviringisha kwenye gazeti na kitambaa, amekichomeka kiunoni. Mama alizoea kumwambia ipo siku atajichuna mwenyewe. Mwaka 2004 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yenyewe tusiyaseme, nikawa nashinda kwa fundi viatu mmoja jirani na stendi ya Msamvu, ile ya zamani. Siku moja nikamwambia, "Mzee, nataka kumshonea baba ala." Akanitupia mabaki ya ngozi ya mikanda, nene, kahawia kama chai ya rangi, akaendelea na soli yake.

Nililaza kisu juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, nikakizungushia kalamu, nikakata ngozi kwa kiwembe palepale kwenye mstari. Vipande viwili. Nikapaka gundi pembeni, nikabandika, nikagonga kwa nyundo. Alama za mishono niliziweka kwa uma wa kulia wali, kama nilivyomwona yeye akifanya: unaukandamiza, unarudisha jino la kwanza kwenye alama ya mwisho, unasonga mbele. Nikatoboa kwa msharasi, nikauvuta uzi kwenye nta. Kushona kulimaliza mchana mzima, maana mzee alininyima ile sindano yake yenye ndoano. Alinipa sindano mbili na uzi mmoja, zipishane katika kila tundu, hii ikienda ile inarudi. Uzi ukikatika upande mmoja, wa upande wa pili unashika. Hilo nililielewa baadaye. Siku ile nilichoelewa ni kwamba vidole vinauma.

Jioni nikachukua kisu. Hakiingii. Ncha imepita, tumbo limegoma. Mzee akaipokea ile ala, akaigeuza mara mbili, akasema, "Umeshona ala ya kisu cha karatasi." Kijiwe kizima kikacheka, hadi muuza kahawa. Nilipima upana nikasahau unene, na nafasi ya mshono sikuihesabu kabisa.

Nikarudia. Safari hii niliacha upana wa kidole pembeni. Nikailowesha ngozi, nikakifunga kisu kwenye mfuko wa nailoni kisishike kutu, nikakichomeka, nikaminyaminya kwa vidole mpaka umbo la kisu likatokeza, nikaiacha ikauke kivulini. Kesho yake ilikuwa imeshika umbo, ngumu kama kibao. Kingo nikazisugua kwa chupa ya soda na maji kidogo zikang'aa. Mzee akaiangalia, hakusema kitu. Baba alipoivaa hakuivua hata wakati wa kula. (Bwana afya angeiona angekasirika, na angekuwa na haki: ngozi inanyonya damu, na kisu kikilala humo na unyevu kinaota kutu.)

Wiki ya tatu baba alikuwa anachomoa kisu, mkono wa kushoto umeishika ala upande wa makali. Makali yakapita kwenye mshono, yakatokea nje, yakaingia kiganjani. Kumbe kila kisu kilipoingia na kutoka kilikuwa kinakula uzi kidogo kidogo. Alishonwa nyuzi sita hospitali. Nilipompelekea mzee ile ala, akaifumua, akakata ukanda mwembamba wa ngozi, akauweka katikati ya vile vipande viwili, upande wa makali. "Kisu kiguse ngozi," akasema, "kisiguse uzi."

Hadithi hii nimeisimulia miaka ishirini kama ushahidi kwamba hakuna shule kama kukaa kwa fundi. Hata leo nimeanza kuandika kwa nia hiyohiyo. Nilipofika kwenye kiganja cha baba nikaweka simu chini, nikaenda kunywa maji. Mzee alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Aliniona nikibandika vipande viwili bila ukanda, tena mara mbili. Kwa nini hakusema? Mtaniambia ndivyo ufundi unavyoingia mtu, kwa kuharibu. Sawa, ila niliyeharibu ni mimi na aliyeshonwa ni baba.

Desemba iliyopita binti yangu alishona ala yake ya kwanza, na ule ukanda akauweka bila kuambiwa na mtu. Nikamwuliza kajuaje. "Kwenye video, baba. Wameonyesha mwanzoni tu."

Lakini msishangilie bado, watu wa video. Ngozi yake ilikuwa mabaki ya makochi. Aliilowesha, akaiminya, ilipokauka ikarudi bapa kama chapati. Video ilitaja aina ya ngozi, ila muuzaji wetu hana lebo. Kwake ngozi ni ngozi. Nikaikata kona: ndani ina kijivu cha buluu. Hiyo imesindikwa kwa kemikali ya kromi, laini, haishiki umbo. Inayoshika ni iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama ya miwati ile iliyojaa Njombe. Ukiikata ni kahawia mpaka ndani, na tone la maji linazama na kuacha doa. Haya sikuyasoma. Niliyanusa pale Msamvu.

Kwa hiyo jibu langu, na sikulitarajia: aanze na video. Angalau kwa kazi yenye makali. Halafu atafute mtu wa kumnusia ngozi. Kwa useremala au gereji siwezi kusema, kila kazi ina yake.

Ile ala ya baba ninayo bado. Mzee aliishona upya yote mwenyewe, sindano mbili, tundu kwa tundu, mpaka giza likaingia. Hakunidai. Na yule mzee alikuwa akidai hata hela ya gundi.