Ulezi ulishindwa na ndege

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mazao yaliyoletwa na meli za wageni, mahindi, maharage, viazi na mengineyo, yametufaidi au yameua vyakula vyetu vya asili. Nimelisoma nikiwa mashineni nasubiri zamu ya kusaga, na debe la mahindi miguuni, nikaona hili nisiliache lipite.

Niseme wazi kwamba nimechoka kusikia meli zikilaumiwa. Ondoa vilivyokuja kwa meli kwenye meza ya mtu wa Moshi uone kitakachobaki. Makande yanaondoka yote, mahindi na maharage yake, maana vyote viwili vililimwa Amerika maelfu ya miaka kabla Columbus hajavuka bahari mwaka 1492. Nyanya na pilipili zinafuata. Viazi mviringo vinarudi kwao milima ya Andes, na chipsi zinakwenda navyo. Parachichi, ambalo msimu wake ukifika huku hata mbwa wanashiba, linarudi Mexico. Mtori je? Ndizi chimbuko lake ni Asia ya Kusini Mashariki na New Guinea; ilivuka Bahari ya Hindi karne nyingi kabla Vasco da Gama hajaonekana Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kahawa ndiyo kichekesho zaidi. Ni ya Ethiopia, jirani zetu, lakini ilizunguka Yemen, Wafaransa wakaipeleka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion, mapadre wakaishusha Bagamoyo, ndipo mwishoni mwa karne ya 19 ikapanda mlima Kilimanjaro hadi Kilema.

Kwa hiyo mambo ya nani mgeni na nani mwenyeji nawaachia wengine. Ninachoweza kujibu ni kwa nini zao moja linabaki na jingine linaondoka, na nitalijibu kwa ulezi, kwa sababu mwaka juzi ulezi ulitaka kutuaibisha ukweni.

Tulikuwa tunapeleka mahari ya mtoto wa shemeji yangu. Mahari bila mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huku kwetu haiendi, hilo sina haja ya kulieleza. Ndizi tulikuwa nazo, zimeiva vizuri, tumezichemsha kwenye pipa mpaka zikawa nyekundu. Ulezi hatukuwa nao. Hakuna mtu wa upande wetu anayelima ulezi tena, kwa hiyo nilitumwa mjini kununua. Muuzaji alinipimia ulezi msafi, hauna hata kokoto. Nikamuuliza kama unaota. Akaniangalia kama niliyemtukana: "Mama, ulezi ni ulezi. Watu wananunua wa uji hapa kila siku, hakuna aliyerudi."

Wa uji hauhitaji kuota. Wa mbege usipoota huna kimea, na usipokuwa na kimea una uji wa ndizi. Tuliuloweka, tukautia guniani, tukaufunika kwa majani makavu ya mgomba. Siku ya tatu mama mkwe alifungua gunia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa na kuunusa. Hakusema kitu. Akanipa mkono ule ninuse na mimi. Harufu ya uvundo, na punje zimelala vilevile kama zilivyotoka dukani. Labda ulikaa ghalani miaka, labda ulipigwa dawa, muuzaji mwenyewe sidhani kama alijua.

Kikafuata kikao. Wifi yangu akasema jirani ana kimea kidogo cha ulezi, tukichukue, tuongezee uji wa unga wa mahindi ili pipa lijae. Baba mdogo wa mume wangu akainuka kwenye kiti. "Mahindi? Mahindi yalikuja juzi na Wareno. Mbege ni ndizi na ulezi, basi." Alisema hayo akiwa amekaa chini ya migomba, na nilikuwa na jibu mdomoni, lakini baba mkwe hajibiwi. Mama mkwe naye hakubishana. Usiku, wanaume walipokwenda kulala, aliniamsha tukapika uji wa mahindi, tukautia kile kimea cha jirani, akazidisha msesewe kidogo, lile gome chungu la mti, ili uchungu ufunike. Asubuhi akawaambia ulezi umepatikana.

Ukweni wazee walikunywa, mahari ikapokelewa. Meku mmoja tu, yaani mzee, mwembamba, kofia imefunika masikio, alionja, akaizungusha kata mkononi, akasema: "Hii imepikwa na mtu mwenye haraka." Watu wakacheka. Akaomba nyingine.

Tangu siku ile nimekuwa nikiufuatilia ulezi. Ni Mwafrika halisi. Ulianza kulimwa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Na wenyewe ulisafiri: ulivuka Bahari ya Hindi zamani sana kuelekea India, na leo hakuna nchi inayolima ulezi mwingi kuliko India. Umoja wa Mataifa ulipoufanya 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya ulezi na uwele, India ndiyo iliyopendekeza. Sisi tulipokea ndizi, wao wakapokea ulezi, na mbege ilizaliwa kwa kuvikutanisha viwili hivyo huku mlimani.

Sasa nani aliutoa shambani kwetu? Mama mkwe ananiambia utoto wake aliumaliza juu ya dungu, kule shamba la chini, tambarare, akiamia ndege kwa kombeo na debe bovu la kupiga kelele. Kuanzia alfajiri mpaka magharibi, wiki nyingi, maana suke la ulezi liko wazi na ndege hahitaji mwaliko. Hindi limejifunga maganda yake lenyewe. Watoto walipopelekwa shule hapakuwa na mtu wa kupanda dungu, na mtu mwenye akili akapanda mahindi. Hakuna Mreno aliyemlazimisha. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo, na wanangu wakasoma.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuishia hapo. Lakini nimekumbuka ghala. Mahindi hayakai bila dawa tangu dumuzi, mdudu wa hukohuko Amerika ya Kati, alipogunduliwa Tabora miaka ya 1980 inaanza. Halafu viwavijeshi vamizi, nao wa Amerika, wakaingia Afrika 2016. Adui wa mahindi walichelewa meli, lakini wamefika. Ulezi ukikaushwa vizuri unakaa miaka na wadudu hawaugusi kirahisi, na mvua ikiwa haba hautishiki kama mahindi. Kila msimu nanunua mbolea, nanunua dawa ya shambani, nanunua dawa ya ghalani, na mvua ya tambarare mnaijua wenyewe.

Basi jibu langu liwe hivi: meli zilitufaidi, sibadilishi. Hata hivyo nikipewa leo kipande cha shamba la chini nitapanda ulezi, angalau wa mbege. Si ekari nzima, na sitamtoa mtoto shule aende kwenye dungu. Na mahindi ya ugali yabaki palepale yalipo, asije mtu akasema nimeyakataa.

Kama kuna msomaji wa Rombo au Hai ambaye bado anaulima, naomba atuandikie anauza debe kwa bei gani, kama unaota, na ndege anawafanyaje.