Pezi limekatika: je, tuweke la alumini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Roketi yetu ya karatasi ilipaa mita chache, ikapinduka hewani, ikaanguka. Tulipoiokota tulikuta pezi moja la balsa (mbao nyepesi sana) limekatika kwa mstari ulionyooka, sambamba na bomba, karibu kabisa na gundi. Wenzangu wanataka tukate mapezi ya bati la alumini yasivunjike tena. Ni sawa? Pia, maandishi C6-5 kwenye mota yana maana gani? – Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba mlilichunguza hilo pezi kabla ya kulitupa, maana mpasuko wake unaeleza karibu kila kitu. Gundi haikuachia, ni mbao yenyewe iliyopasuka, na mbao hupasuka kirahisi ikifuata nyuzi zake. Bila shaka mlilikata nyuzi zikiwa zimelala sambamba na bomba. Hewa ilipolisukuma ubavuni, zikaachana.

Chukueni balsa iliyobaki, mkate vijiti viwili vyenye vipimo sawa: kimoja nyuzi zikienda kwa urefu, kingine zikikatiza upana. Vipindeni taratibu. Cha kwanza kitapinda na kurudi, cha pili kitakatika mkononi kabla hamjatia nguvu. Mbao ni ileile! Ndiyo maana nyuzi za pezi zinapaswa kufuata ukingo wake wa mbele, zikitoka kwenye bomba kuelekea nchani.

Kupinduka nako kumetokana na hapohapo. Roketi hunyooka ikiwa kitovu cha uzito (pale inapokaa sawa ukiiegemeza kidoleni) kiko mbele ya kitovu cha shinikizo la hewa (pale misukumo yote ya hewa inapojumlika), kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha bomba. Mapezi ndiyo yanayokivuta hicho cha hewa nyuma. Pezi likitoka, kinasogea mbele, na roketi haina tena cha kuinyoosha.

Sasa alumini. Hapana, na hapa sitaki mjadala. Densiti yake ni gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo. Ya balsa ni kama 0.16. Uzito huo mkiuweka mkiani, kitovu cha uzito kinarudi nyuma, kule kule tusikokutaka. Halafu kuna usalama: roketi za mfano hutengenezwa kwa karatasi, mbao na plastiki ili zikianguka au mota ikipasuka, vipande vya chuma visimjeruhi mtu. Orville Carlisle, muuza viatu wa Nebraska, Marekani, alipounda roketi yake ya mfano mwaka 1954 alitumia vitu vyepesi vya namna hiyo, na kanuni bado ni hiyo.

Mkitaka pezi gumu zaidi, ongezeni unene. Balsa ya milimita 3 ina uzito mara 2 ya ile ya milimita 1.5, lakini ugumu wake wa kutopinda ni mara 8, kwa sababu ugumu huo hukua kwa kipeo cha tatu cha unene. Binafsi ningeanza na nyuzi tu; mara nyingi hutosha.

Kuhusu mota: C ni daraja la msukumo wote, yaani nguvu mara muda wa kusukuma, kati ya nyutoni-sekunde 5 na 10, na kila herufi inayofuata huongeza kiwango hicho maradufu. 6 ni wastani wa nguvu kwa nyutoni. 5 ni sekunde za kusubiri tangu mota imalize kusukuma hadi ifyatue parachuti.